Habari Anazobeba Mama

Leipzig, Ujerumani
3 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote: wewe, baba, na yule ng'ombe mwenye dharau. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Umesema watu wa kanisani wakikuuliza nasomea nini unabaki kutabasamu. Ni hivi: tunamfunga mtu vipima jasho vidoleni, kisha tunamsomea maneno ya uchungu, ya upendo na ya kukaripia, kwa lugha ya nyumbani na kwa ile ya shule. Neno la shule wanalielewa vizuri tu. Lakini la nyumbani ndilo huwatoa wengi jasho. Mwaka wa tatu huu nahangaika na hilo.

Binti yako,
Loveness

Kirua Vunjo
17 Machi 2024

Mwanangu Loveness, marahaba.

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Baba yako yuko juu ya mparachichi. Nimemwambia umri wake si wa kukwea miti, anajifanya kiziwi.

Hilo jasho lako limenichekesha. Unajua tangu nichaguliwe mzee wa kanisa, mtaani mtu akifiwa natumwa mimi. Juzi nilikwenda kwa jirani yetu Zita kumwambia mumewe Kornel amefia mlimani akiwapandisha wageni. Kwanza nilimkamulia ng'ombe, maana jioni hiyo asingekumbuka. Nikamuuliza kama amekula. Ndipo nikamwambia, kwa Kiswahili. Alipoanza kulia nikamshika, nikambembeleza kwa Kichagga. Habari ya kifo kwa Kichagga humkuta mtu amesimama ikamwangusha. Hakuna aliyenifundisha, niliona tu wanavyoanguka.

Mama yako,
Yuditha

Leipzig
25 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Habari za huko? Barua yako nimewatafsiria wenzangu wote. Profesa aliomba nirudie pale pa ng'ombe.

Mama, nimepanda ndege kufuata kitu kilichokuwa jikoni kwetu. Sisi tunapima jasho, wewe ulishajua la kufanya nalo. Najivunia wewe kuliko ninavyoweza kuandika. Msalimie baba, mwambie ashuke.

Binti yako,
Loveness

Leipzig
9 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Asubuhi umenipigia ukaniuliza kama nimekula. Umeniuliza kwa Kiswahili. Barua pepe hizi tunaandikiana kwa Kiswahili, lakini kwenye simu hujawahi kunisemesha ila Kichagga. Kisha ukasema mtandao mbaya, ukakata.

Baba yuko wapi?

Loveness

Moshi mjini
9 Mei 2024, jioni

Marahaba, mwanangu.

Umenikamata. Baba yako alianguka juzi kutoka kwenye mparachichi. Damu imevia kichwani, kesho asubuhi wanampasua. Daktari hakuahidi kitu.

Nimebeba habari za mtaa mzima, yako imenishinda mlangoni. Nisamehe. Usinipigie leo. Nikisikia sauti yako nitalia, nawe huko huna wa kukushika. Kesho nitakupigia mwenyewe. Ukinisikia naanza kwa Kiswahili, kaa chini kwanza.

Mama yako

Leipzig
10 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Sikungoja kuambiwa nikae. Tangu alfajiri nilikuwa sakafuni, simu mapajani, uji umepoa pembeni. Ilipolia niliogopa kuipokea. Naona aibu kukuambia kwamba niliiacha ilie mara nne.

Ndipo nikakusikia unanigombeza kwa Kichagga kwa nini sipokei, ukaniita lile jina la utotoni. Uliyosema baada ya hapo sikuyasikia vizuri, wewe unalia, mimi nalia. Nimeambulia kwamba baba amefumbua macho na anauliza nani atamalizia kuangua maparachichi. Mengine utanisimulia tena kesho, pole pole.

Lakini nilikuwa nimeshajua kabla hujamtaja baba. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, mama, na nilikuwa nacheka.

Mwambie akithubutu kupanda tena, nitakuja kumshusha mwenyewe.

Binti yako,
Loveness