Mita Moja ya Mzee Milimita

Jumatatu, 4 Machi
Kazi mpya ya upimaji, kufufua mpaka wa zamani: dereva mstaafu na jirani yake, fundi cherehani. Dereva anataka kujenga ukuta. Ramani inampa mita ishirini na tano. Nimepima mara tatu kutoka bikoni, alama ya mpaka, ya kona yake – ishirini na tano inaangukia ndani ya chumba cha cherehani! Fundi akacheka kidogo, futi shingoni: sasa mwanangu, utanikatia chumba kama kitambaa? Chumba hicho ndicho kinachomlisha. Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Machi
Nimechimba. Kwenye mita ishirini na nne – chuma ndani ya zege, wima kabisa! Bikoni ya kwanza ikikutwa pale ilipowekwa, inaishinda namba ya karatasi. Chumba kimepona, nikadhani. Lakini dereva: nani kasema haikusogezwa? Swali la haki. Nikafungua daftari la vipimo kumtafuta aliyeiweka.

Mwandiko wa Baba. Baba! Mzee Milimita, anayesawazisha kijiko cha sukari kwa kisu!

Jumatano, 6 Machi
Nimemwonyesha ukurasa. Amesema hajawahi kukosea mita, labda chuo hakikunifundisha kupima. Akanuna, akajifungia na redio yake. Nampenda sana mzee huyu, ila kiburi chake kinahitaji hati ya kiwanja peke yake.

Alhamisi, 7 Machi
Baba ametoka stoo mwenyewe, na futi yake ya chuma ya zamani. Mita ya kwanza haipo – ilikatika. Alikuwa anaanzia kwenye moja, halafu mwishoni anaongeza mita. Kila mara, akasema. Akapangusa kutu. Kisha: isipokuwa siku moja.

Akanionyesha tarehe juu ya ukurasa. Mimi nilikuwa nimekodolea namba tu! Siku niliyozaliwa. Habari zilimkuta kazini, akasahau kuongeza mita, akapigilia chuma, akamwaga zege, akakimbia hospitali. Nikalia, nikacheka, vyote pamoja.

Nikamuuliza: utayasema haya mbele ya dereva? Bila hivyo fundi hana chumba. Akaikunja futi polepole. Miaka thelathini na moja watu wanaapa kwa vipimo vyake.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika nimekalia sanduku la vifaa. Baba amekuja! Kofia ya kazi, viatu vimepigwa rangi. Fundi yuko mlangoni pa chumba chake, cherehani imenyamaza. Baba ameshika ncha iliyokatika ya futi yake kwenye bikoni ya kona: vuta mpaka ishirini na tano, mama. Nikavuta. Namba ikalala juu ya chuma – palepale!

Dereva akainama, akasoma, akaniuliza: mbona futi yako ilisema ishirini na nne?

Baba akavua kofia. Kosa ni langu, akasema. Siku ile nilipata binti.

Dereva ameinuka. Ameichukua ile ncha, anaigeuzageuza. Baba bado ameshika kofia mkononi.