Wamekaa Juu ya Maji Yetu

Nyumba za Mtambo wa Maji,
Mlango wa tatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Sisi huku tupo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Anakusalimu na anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama. Mkubwa wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, na mdogo ameanza kutambaa. Naandika akiwa amelala pajani pangu, kwa hiyo ukiona mistari imepinda ujue amegeuka.

Zawadi zote zilifika kwa mkono wa yule muuguzi jirani yenu. Viatu vimemkaa mkubwa sawasawa. Mwambie wifi sweta nimelivaa siku tatu mfululizo, mpaka mama akaniuliza kama nguo nyingine zimeungua. Muuguzi anarudi huko Jumatano, naye ndiye atakayekupa hii. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, samahani kaka, huwa unanikatiza. Tena shemeji yako, tangu sikio lake la kushoto lizibe, huongea simu ikiwa imefunguliwa sauti na nyumba nzima inasikia. Haya nataka uyasikie peke yako, mpaka mwisho.

Ni kuhusu barua uliyomwandikia.

Aliisoma mezani kwa sauti, mama akiwepo. Umemwambia kwamba nchi imeshinda, kwamba wewe huko ugenini unatembea kifua mbele, kwamba kilichobaki ni kuulinda ushindi, na mwanamume hawaachi wenzake katikati ya njia. Umeandika kabisa kwamba familia yote iko nyuma yake. Familia ipi? Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza namlisha mtoto uji, na hakuna aliyeniuliza.

Huenda hujui maneno yako yamegeuka kuwa nini. Jeshi linawaandikisha upya askari wa zamani, kwa hiari, miaka miwili, waende kulinda mstari mpya. Kwa vile wengi wao wana majeraha, fomu inataka ndugu mmoja mtu mzima aridhie kwa maandishi. Yeye, unajua, hana mzazi wala ndugu wa tumbo moja. Aliniletea mimi, nikakataa kutia sahihi. Hatukugombana. Alikunja fomu, akakaa nayo mfukoni siku mbili. Ya tatu ikafika barua yako. Sasa anasema sahihi yangu haihitajiki tena, maana shemeji aliyesimama mahali pa baba siku ya ndoa yetu ameridhia, tena kwa mwandiko wake mwenyewe. Ameibana barua yako kwenye fomu kwa pini. Mwisho wa kurudisha ni Jumatatu, tarehe 31.

Kwa hiyo ngoja nikueleze huo ushindi unafananaje, kwa sababu wewe unauona kwenye televisheni na mimi nauona nikiwa kazini.

Kilima unakijua. Unakijua kuliko wote wanaokitaja redioni, maana baba alikuwa akitupandisha kule siku za kusafisha chujio, wewe ukishika ndoo, mimi nikikatazwa kusogelea ukingo. Ukisimama juu unaona kila paa la mji, unaona barabara yote hadi mpakani, na lango linaloingiza maji mtamboni liko pale miguuni pako. Mtu aliyekaa pale hana haja ya kupiga risasi. Akae tu, inatosha.

Kabla ya vita kilikuwa chetu. Tukaambiwa tuingie vitani ili hawa wa ng'ambo ya mpaka wasije wakayakaribia maji. Miezi kumi na minne, kaka. Kisha ukaja mkataba wa kusimamisha vita, na mkataba huo umewapa wao kilima, sisi tukapewa vijiji viwili vya bondeni, chini yake. Redioni wanahesabu vijiji viwili vilivyokombolewa. Ni kweli, viwili ni zaidi ya kimoja, hata mwanangu kibogoyo anajua hesabu hiyo. Lakini wenye vijiji hawajarudi hata mmoja, bado wamelala kwenye ukumbi wa shule, kwa sababu mtu akitoka nje kuanika nguo, askari aliye juu anamhesabia vifungo.

Na si kilima peke yake. Jirani zetu wa upande wa machweo, waliokuwa wakituachia barabara yao, wamefunga geti. Wanasema hawataki kuchagua upande. Na hawa tuliopigana nao, unakumbuka walivyokuwa wakitafunana wenyewe kwa wenyewe? Nusu ya vijana wao hawakutaka hata kuvaa sare. Leo ni kitu kimoja. Tumewapatanisha sisi, kwa mabomu yetu. Wamepata na rafiki mkubwa mwenye ndege. Zamani walikuwa wakituogopa bila kujua tuna nini ghalani; sasa wameona ghala lote mpaka sakafu.

Tuliingia vitani wasiyakaribie maji, na leo wamekaa juu yake. Kama huo ndio ushindi, naomba mtu anionyeshe kushindwa kukoje nipate kulinganisha.

Sisemi vita iendelee. Siku mizinga iliponyamaza nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia mpaka mkubwa akaniletea kikombe cha maji, nusu yake imemwagika njiani. Watoto wanalala kitandani sasa, hawalali tena chini ya ngazi. Mkataba ule ningewekewa mbele ningeutia sahihi mimi mwenyewe. Ninachokataa ni kuitwa mshindi ili nitoe mume mara ya pili.

Pale mtamboni chujio lazima lisafishwe kila wiki, hilo wewe huna haja ya kuelezwa. Zamani nilichukua baiskeli na brashi, saa nne nimerudi. Sasa tunaandika barua ya maombi, inapigwa mihuri mitatu, tunasubiri siku nne, mara nyingine tisa. Kufuli la baba walilikata, wakaweka lao. Anayetufungulia ni askari wao mmoja kijana, sisi tumembandika jina la Bwana Funguo. Yeye hatutukani. Hata mara moja hajanivunjia heshima. Ananiuliza mtoto hajambo, ananishikia ndoo nikiteleza. Ningependa angekuwa mkorofi, kaka, ningejua pa kuiweka hasira yangu. Yeye ananihurumia.

Mwezi uliopita wakafanya Sikukuu ya Ushindi. Mkuu wa wilaya akaagiza ile chemchemi ya saruji pale uwanjani, iliyokauka tangu vita ianze, irushe maji akimaliza hotuba. Mkuu wetu wa mtambo, yule mzee wa miwani ya kamba uliyemwogopa ukiwa mdogo, akamwandikia kwamba chujio limeziba na kibali cha kupanda hakijatoka. Akajibiwa asilete visingizio. Basi tukafunga maji ya mitaa sita ili yatoshe kwa ajili ya sherehe. Hotuba ikaisha, bendi ikapiga, bomba likakohoa mara mbili, likatema matope kwenye viatu vya wapiga tarumbeta, likanyamaza. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema ushindi umekaukiwa koo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka, halafu nikasikia aibu, kwa sababu mitaa ile sita mmoja ni wa mama.

Mkuu wa wilaya alimwita mzee palepale, mbele za watu, akamuuliza nani anamhujumu. Mzee akavua miwani, akaifuta.

"Mheshimiwa, mabomba ninayo mimi. Maji wanayo wao."

Kwa jibu hilo amesimamishwa kazi mwezi mzima. Zamu zake tumegawana wawili, ndiyo maana ukiniona sasa utasema nimekonda. Sijakonda, nimechoka. Hakuna mtu aliyesimamishwa kwa kukitoa kilima, lakini mzee wa watu amesimamishwa kwa kusema kimekwenda wapi.

Sasa nikuambie habari za shemeji yako, ambazo hatakuandikia. Yeye na kikosi chake walikaa juu ya kilima kile miezi kumi na mmoja. Walipanda thelathini na wawili, walishuka kumi na tisa, na hakuna aliyewashusha kwa bunduki. Asubuhi moja waliambiwa kwenye simu ya upepo wakusanye vitu vyao. Chai ilikuwa bado jikoni. Wakashuka, na njiani wakapishana na wale wengine wakipanda na magodoro kichwani, na kwa kuwa njia ni nyembamba, walisimama pembeni wakawapisha. Hilo la kuwapisha ndilo linalomla. Cheti alichopewa amekiweka kabatini chini ya sahani. Mkubwa akimuuliza baba ulishinda, anamwambia akacheze.

Mtu wa namna hiyo, kaka, ndiye uliyemvika kilemba cha ukoka. Anadhani akirudi atalirekebisha lile la kuwapisha. Na wewe umemwambia ndiyo, kimbia.

Jana mchana alikuwa anatengeneza mguu wa kiti, nikakaa karibu yake upande wa sikio zima. Nikamuuliza mstari mpya uko wapi. Akasema kwenye vile vijiji viwili, bondeni. Nikamuuliza na wao wako wapi. Akasema juu. Nikamuuliza, sasa utalinda nini ukiwa pale chini, wakati wao wanakuona mpaka unavyofunga kamba za viatu? Alipiga misumari miwili kabla ya kunijibu.

"Kaka yako amesoma," akasema. "Hawezi kuniandikia jambo kama lile bila kulipima."

Basi lipime, kaka. Hilo ndilo ninalokuomba. Mimi maneno yangu ameyasikia, ameyaheshimu, ameyaweka kando, kwa sababu mimi ni mke na mke anatarajiwa kulia. Mama amezungumza naye, akamwitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Neno analolisubiri ni lako. Sikukasirikii kwa kuipenda nchi. Naipenda pia, naisafishia chujio lake. Nakukasirikia kwa kuandika ukiwa umekaa kwenye kiti kizuri, mbali, baada ya kusikiliza taarifa ya habari, bila hata kuuliza kilima kiko kwa nani.

Hii itakufikia Alhamisi, ikichelewa sana Ijumaa. Tuma jibu lako kwa posta ya haraka siku hiyohiyo. Inachukua siku kumi, itawahi. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Usimwombe msamaha, hatapenda, na usimpe maneno mazuri, ana ya kutosha. Mwambie uliandika bila kujua, na sasa umejua. Kisha andika neno hili, peke yake kwenye mstari, kama wanavyolitaka kwenye fomu: Siridhii. Chini yake utie sahihi yako.

Na kama ukimaliza kusoma haya yote ukaona bado unaridhia, hilo pia mwandikie, sitakuzuia. Ila safari hii ufafanue kwamba unaridhia kwa niaba ya wanangu wawili, uwataje mmoja mmoja pamoja na umri wao, mkubwa miaka sita, mdogo miezi minane, nami nitaipeleka barua hiyo ofisini kwa mkono wangu.

Mama anakusalimu tena, sasa hivi amepita dirishani. Wasalimie sana wifi na watoto, waambie shangazi yao anawapenda na hana ugomvi nao. Yule mzee wa miwani anakusalimu pia. Anasema ukija atakuonyesha pale ulipochora jina lako kwenye sakafu ya pampu, baba akakuchapa. Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe afya, akulainishie njia zako, na akupe ujasiri wa kujirudi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo nikiwa nimekukasirikia,

Kitinda Mimba