Mlango Niliokufungia

Nairobi

Dada yangu Awuor,

Pokea salamu nyingi za ndugu yako. Natumaini ulifika nyumbani Pap Onditi salama, ingawa uliondoka hapa bila kuniaga. Mimi nakula, natembea kidogo, na figo uliyonipa inachapa kazi kuliko mimi mwenyewe.

Najua umekasirika. Ulitoka mbali na kuku na kibuyu cha maziwa mala yaliyoganda, nami nikazungumza nawe kupitia dirisha. Nilipokusikia ukikohoa pale nje nilifunga komeo haraka, kwa sababu nakujua, ungeingia tu. Ukasema neno moja ambalo mpaka leo halijanitoka: "Figo yangu uliingiza ndani, lakini mimi mwenyewe umenifungia nje?"

Awuor, nameza dawa ili mwili wangu usiikatae figo yako, na dawa hizo hizo zinaunyima mwili nguvu ya kupigana na magonjwa. Kikohozi unachotembea nacho sokoni kinaweza kunilaza mimi nisiamke. Ndiyo maana siendi kanisani, sishikani mikono na mtu, na maji nachemsha hata ya kupiga mswaki. Maziwa yako aliyanywa jirani, akayasifu sana. Nilinusa kibuyu kitupu, nikaenda kunawa. Nina upweke mwingi, sikufichi. Siku nyingine naijibu redio.

Lakini siandiki kujitetea. Nilikuona umekonda. Mama mwenye nyumba, aliyekupa maji ya kunywa, anasema ulikuwa ukitoka jasho, na kwamba kikohozi hicho unacho tangu wakati wa kupalilia. Nilipomweleza muuguzi wangu, aliuliza kama umepimwa kifua kikuu. Nenda hospitali Kisumu, utoe makohozi wayapime. Dawa zipo na zinaponya. Umebaki na figo moja kwa ajili yangu, na nikikupoteza sijui nitaishi vipi na hii nyingine.

Nisalimie mama, na shemeji, mume wako, ambaye najua aliuza mbuzi ili upate nauli. Shangazi muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwambie aache kutangaza kwamba nimekuwa mzungu.

Nisipopata majibu ya kipimo, nitapanda basi nije nikupeleke mwenyewe. Unajua jinsi watu wanavyokoholeana humo njia nzima, na daktari amenikataza kabisa. Nitakuja hata hivyo. Basi, dada, kama hutaki kwenda kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu.

Ndugu yako,
Otieno