Ukuta wa Mashuka

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua bado ipo? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la vitambaa. Amesema nisikuandikie habari hiyo, lakini wewe ulisema niandike kila kitu.

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji, kwa sababu simu yako leo ni siku ya tano haipatikani.

Kanisa letu linataka kujipanua. Mchungaji alipotangaza, Mama alipiga makofi kuliko wote, maana watoto wa masomo ya Jumapili wanakaa chini ya turubai lililotoboka. Kisha ramani ikabandikwa mlangoni. Mama aliifuata kwa kidole, kama anavyofuata vipimo vya mteja, na kidole kilipofika upande wetu kikasimama. Ukumbi wa ghorofa, urefu mita saba, utasimama hatua sita tu kutoka dirisha letu.

Ni lile dirisha ulilolipasua mwenyewe mlipooana, upande jua linakochomoza, ili cherehani ya Mama ipate mwanga. Na sasa hivi anashona majoho arobaini ya kwaya, meusi, ya kuvaliwa siku ya kufungua ukumbi huohuo. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, Baba! Bila jua hata mimi sioni mshono, na taa inamtoa machozi. Amesema akikosa mwanga huo, itabidi aache kazi.

Majirani wamekasirika, kila mtu kwa lake. Fundi Saa wa pale kona anasema vipaza sauti vitamfanya asisikie tena moyo wa saa. Walitaka waende kugomba wote kwa pamoja. Mama akawaambia, "Ngojeni. Mimi nguo ya thamani siikati kabla sijamjaribisha mwenyewe kwa kitambaa cha bei rahisi. Na jengo tulijaribishe."

Anataka kushona ukuta wa mashuka, urefu uleule, tuusimamishe pale ukumbi utakapojengwa. Unaonaje?

Binti yako


Jumapili, tarehe 12 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, unanikumbusha umri wangu kila asubuhi. Mpe Mama pole ya kikohozi, afungue mlango anapokata vitambaa.

Sasa nisikilize. Nimejenga miaka ishirini na sijaona ukuta ukijaribiwa. Ukuta si gauni. Atasimamisha mashuka barabarani, watu watamcheka, na ramani itabaki palepale. Huku nimeona nyumba ya vyumba viwili yenye dirisha zuri la mashariki. Muhula ukiisha, mhamie. Shule zipo huku pia.

Mwambie kwa upole, wewe una maneno mazuri. Barua hii usimwonyeshe.

Baba yako


Jumapili, tarehe 2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri na mvua haijawasimamishia kazi. Kikohozi cha Mama kimeisha.

Nisamehe, barua yako ameisoma. Niliificha kwenye daftari la hisabati, nikasahau kwamba analitumia kuchorea mikono ya nguo. Hakukasirika. Alisema tu, "Baba yako anayajua matofali," kisha akaniuliza kama nataka kuhama. Nilijibu kwamba nimebakiza muhula mmoja kabla ya mtihani, na mwalimu wangu ananitegemea. Akasema, "Basi niletee mkasi."

Majirani walitoa mashuka kumi na manane. Yapo ya maua, yapo ya mistari, na moja lina picha ya simba aliyefifia. Alishona siku nne. Kanisa lenyewe lilituazima miti ya jukwaa, na Mchungaji akaja na mchora ramani Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi. Ukuta ukapanda. Chumba chetu kikawa giza kama kabati.

Lakini mchora ramani akatoa utepe wake. "Mama, hapa pamezidi nusu mita."

Watu wakaguna. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alikwenda kushika pindo la chini, akaligeuza, kisha akajishika kichwa. "Kweli. Nimeacha nafasi ya kurefusha. Mkono wangu umezoea nguo za shule."

"Mama, ukuta haukui," akasema mchora ramani.

"Huu wenu unakua," akadakia Fundi Saa. "Mwaka jana ulikuwa turubai!"

Watu walicheka sana, Baba, kama ulivyosema. Ila Mama naye alicheka. Mashuka yakashushwa, akapiga magoti vumbini, akakunja pindo lote na kulibana kwa pini, kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho. Fundi Saa alimnong'oneza, "Shemeji, iache nusu mita yako, inatusaidia." Akamjibu kwa sauti ya kawaida, "Nikiwadanganya kipimo kimoja, hawataamini hata kimoja." Sijawahi kumwona mtu mzuri kama Mama alivyokuwa pale, na pini sita mdomoni.

Ukuta ukapandishwa tena, mita saba kamili. Chumba kilikuwa giza vilevile. Mama akamkalisha Mchungaji kwenye kiti chake, akampa sindano na uzi mweusi. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. "Nimefungisha ndoa za watu wengi," akasema, "lakini hawa wawili wamenishinda." Tuliungoja mwanga. Ulifika kwenye cherehani saa nne na nusu.

Mama akamwambia, "Sisemi msijenge. Watoto wanaungua jua. Nasema mshushe bega la upande huu. Madarasa yakae huku, bila ghorofa. Ghorofa ipelekeni upande wa barabara, huko haimzibi mtu. Na vipaza sauti vitazame barabara, si kona."

Mchungaji alisema kamati itakaa. Bado tunangoja. Nyumba yako ya vyumba viwili usiilipie kwanza, tafadhali.

Binti yako


Jumapili, tarehe 7 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwezi mzima hujajibu, na dereva anasema u mzima ila una kazi nyingi. Nami nina habari nyingi, kwa hiyo naziandika hata kama umenuna.

Alhamisi Mchungaji alileta ramani mpya mwenyewe. Hakuibandika mlangoni. Aliitandaza juu ya meza ya Mama ya kukatia nguo, akasema, "Fundi, tujaribishe tena." Mama alikata mashuka hadi mita tatu, na safari hii hakuacha nafasi ya kurefusha, nilikagua mimi. Jua lilifika kwenye sindano saa mbili kamili. Fundi Saa alilithibitisha kwa saa tatu tofauti.

Msingi unachimbwa wiki ijayo. Mama amefika joho la thelathini na moja.

Binti yako


Jumapili, tarehe 21 Julai

Binti yangu,

Marahaba, na asante kwa kutonisubiri. Sikununa. Niliona aibu kujibu kabla sijafanya jambo.

Huku tunaanza ghala. Kabla ya kuchimba niliwaambia vijana wafunge maturubai kwenye miti, urefu wa ramani. Walinicheka, na tajiri akauliza kama nina homa. Mzee wa nyumba ya jirani alitoka, akatazama, akarudi ndani akaleta kiti, akakaa kivulini. "Hapahapa," akasema, "msiguse." Lakini upande wa pili yupo mama mmoja anayefua nguo za watu. Alisimama karibu na kamba zake zikiwa kivulini, akipapasa nguo mbichi. Nilimwita tajiri aje aone. Msingi tumeusogeza hatua nne.

Ile nyumba ya vyumba viwili nimemwachia mwenzangu. Wewe soma, fanya mtihani wako. Barua hii usiifiche. Mpe Mama asome maneno yafuatayo.

Mke wangu, ukuta unajaribiwa. Nikija likizo nitaliongeza dirisha lako tofali moja kila upande. Wewe pima, mimi nitabomoa. Na hapo, nafasi ya kurefusha iache.

Baba yenu