Magoti ya Rafiki wa Mama

Kwako mdogo wangu, Bwana Mipango,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Wewe hujambo? Wifi hajambo? Na yule wa mwisho, kikohozi kimemwachia au bado anawakesha? Sisi huku wazima. Kazi zipo, nina mapazia ya ukumbi mzima yananisubiri mezani, kitambaa kizito kama blanketi, na sindano za cherehani zinakatika kila nikigeuka. Nimeyaweka pembeni nikuandikie, maana jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu huwa unaanza kupanga kabla sijamaliza sentensi.

Uliniomba nitangulie kisiwani nikaikague ile nyumba tuliyokuwa tukifikia kila likizo tulipokuwa wadogo, nione kama itatutosha sote mwezi wa nane. Ukaniomba pia nimbembeleze mama aje, na nisisahau kubeba sufuria kubwa. Nyumba nimeikagua. Kuhusu mama na sufuria, jibu unalijua: alishasema vyombo vya majini vinamtapisha na sufuria ilitoboka akampa muuza vyuma chakavu. Wewe ukaniambia bila mama na bila ile sufuria hakuna kurudi hapo, hiyo ni safari tu, na kwamba huenda mama ameshamsahau baba. Neno hilo la mwisho liliniuma.

Nilikwenda peke yangu. Mama asingeweza kuandamana nami hata angetaka, kwa sababu ilikuwa ile wiki yake ya kwenda kumhudumia rafiki yake mwenye magoti mabovu. Unajua anavyofanya kila mwaka tangu baba atutoke. Huyo rafiki hatujawahi kumtia machoni, lakini magoti yake tunayajua kuliko yetu. Safari hii nilimfungia mama dawa ya kuchua, na wewe ukatuma zile soksi nene za kubana.

Feri ni mpya, ina viti vya plastiki na televisheni isiyowaka. Gati ni lile lile. Njia ya kutoka gatini, ambayo wewe ulikuwa ukilia ubebwe, niliimaliza kabla sijaanza kutoka jasho. Kila kitu kimesinyaa. Minazi ya nyuma ya choo ipo, na yale mawe yaliyokuchana unyayo yapo, ingawa kwenye simulizi zako yamekuwa makubwa kama nyumba. Nilisimama kidogo kuikumbuka siku moja ya likizo, nikaona mambo yakija yenyewe: mchanga ndani ya shuka, baba amekunja suruali mpaka magotini akijidai anajua kuogelea, mimi na wewe tukigombania boya lenye kiraka. Nilimtafuta mama kwenye picha hiyo ya ufukweni, sikumpata. Nilimpata nyuma ya nyumba, amechutama mbele ya mawe matatu, macho mekundu kwa moshi, na sufuria kubwa imejaa maji ya kuoga ya watu wanne.

Rafu ya baba nayo niliikumbuka. Siku ya kuondoka kila mtu alitakiwa kuacha kitu chake kwenye ile rafu ya ukumbini, baba akiita rehani, kwamba nyumba itatushikia mpaka turudi kukikomboa. Wewe uliacha kandambili moja, mimi kitana, baba kofia yake. Mama kila mwaka alisema hana cha kuacha, na sisi tukamcheka kwa ubahili.

Mtunza nyumba wa sasa ni binti wa yule wa zamani, mwanamke mcheshi, anaongea huku anafagia. Nilipomweleza shida yangu alisema niangalie nje tu, tena polepole, kwa sababu ndani kuna mgeni. Akasema ni mgeni wa kila mwaka, mama mmoja asiye na makuu, analala mpaka jua liwe kali, hapiki wala hataki kupikiwa, anakula mkate na matunda, na akiingia majini kumtoa ni kazi. Nikasema sina neno, nitapima madirisha kwa nje. Mapazia ya nyumba ile ni aibu, nakwambia, pindo zimeshonwa kwa mkono kama magunia.

Nilikuwa nimeshanyoosha futi yangu ya kupimia kwenye dirisha la kwanza nilipoiona chupa ya dawa ya kuchua, lebo ile ile niliyoichana pembeni mwenyewe. Kwenye kamba kulikuwa na soksi ulizotuma, zinachuruzika maji ya chumvi. Nikazunguka kona. Mama alikuwa kwenye kiti cha baba, miguu juu ya ukuta wa baraza, nywele zimelowa, redio inaimba chinichini.

Hakushtuka sana. Aliniuliza nimekula, kisha akajizuia, akasema mkate upo mezani na kisu kipo, nijikatie. Nikajikatia. Nilikaa sakafuni karibu yake, nikamuuliza magoti ya rafiki yake yanaendeleaje. Mdogo wangu, mama alicheka mpaka akashika ubavu. Hakuna rafiki. Magoti tuliyoyatumia salamu miaka yote hayana mwenyewe. Dawa anajichua mabega baada ya kuogelea, na soksi zako anazivaa majini kwa ajili ya yale mawe, anakushukuru sana.

Alipomaliza kucheka alinieleza, na alieleza bila hasira, kama mtu anayesoma bei za duka. Alisema sisi tulikuwa tunakwenda likizo, yeye alikuwa anahamisha jiko. Jiko la nyumbani lilikuwa na bomba, la kisiwani halina. Baba alikuwa na furaha sana, na sisi tulikuwa na furaha, akaona haya kutuharibia. Ndiyo maana hakuacha rehani hata siku moja: hakutaka kudaiwa na nyumba ile. Baba alipofariki, mama alifunga safari kwenda kuichukua kofia, akabeba na sufuria kwa mazoea tu, akiwaza alale siku moja arudi. Kulipokucha alisubiri mtu aulize chai iko wapi. Hakuna aliyeuliza. Akalala tena. Mchana aliingia majini kwa mara ya kwanza, na gauni lake, akalia humo kwa ajili ya baba mpaka akachoka, kisha akaelea.

Sasa twende ndani, uione rafu kama nilivyoiona. Kandambili yako ipo, imekakamaa. Kitana changu kipo. Kofia ya baba ipo, mama hakuichukua, alisema ilikuwa imetulia. Na pembeni ya kofia, imeziba nusu ya rafu, ipo sufuria kubwa, nzima, haijatoboka popote, na mtunza nyumba ameotesha ua ndani yake. Hiyo ndiyo rehani ya mama. Kwa hiyo lile neno lako la kwamba amemsahau baba, lirudishe mfukoni.

Sitakuficha, niliona wivu. Nilifikiria nyumba yangu na vyombo vilivyokuwa vinanisubiri, nikalala pale siku mbili bila kuosha hata kikombe.

Mama ndiye aliyenituma nikuandikie, kwa sababu anasema machozi yako yako karibu na hataki kuyasikia kwenye simu. Masharti yake ni haya. Wiki yake usiiguse, wala usimfuate, na ndugu wengine wasijue. Mwezi wa nane njooni, nyumba inatosha. Yeye atakuja Jumapili moja tu, kama mgeni, kwa feri ambayo haijawahi kumtapisha. Atakaa kwenye kiti cha baba na chai ataletewa. Wifi asiguse jiko, amesisitiza hilo mara kadhaa, na wala mimi. Anataka akukute wewe nyuma ya nyumba, mbele ya yale mawe matatu, na akionja wali ukiwa mbichi atasema ni mbichi. Ukiitaka sufuria, ling'oe ua ulihamishie kwenye kopo, uisugue, na siku ya kuondoka uirudishe mahali pake.

Basi panga sasa, Bwana Mipango, na uanze kwa kujifunza kuwasha moto. Mapazia mapya ya nyumba hiyo nitayashona mimi nikimaliza ya ukumbi, ila itabidi ninunue futi nyingine. Yangu nimeiacha kwenye rafu.

Nisalimie wifi kwa upole, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama amerudi salama, amepata rangi, anakusalimu sana. Anasema magoti hayajambo.

Ni mimi dada yako,
Mama Mapazia