Kwa Nini Alikunywa?

Nuu, 4 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Hujambo, na biashara ya mitumba inaendeleaje? Sisi huku ni wazima, vumbi tu ndilo limetuzidi. Mama anakusalimia sana.

Kitabu ulichonitumia kilifika. Baba alipoona fuvu kwenye jalada alitaka kukitia motoni. Si unajua mzee wa kanisa. Nimekivisha gazeti, sasa anadhani ni cha biolojia. Tangu achukue simu yangu, hicho ndicho pekee kinachoongea nami.

Ni vita mwanzo mwisho, Shangazi, katika nchi ambayo jua halichomozi na waliouawa huamka kupigana tena. Lakini anayenikera ni msichana mmoja, Oreva. Jeshi linamletea kikombe cha kiapo. Akikinywa, yeye ni wa vita maisha yake yote. Anajua hivyo, na bado anakinywa! Nilimtukana kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika. Kwa nini alikunywa?

Nauliza kwa sababu mwezi ujao watu wa Mzee Nyamai wanaleta mbuzi wa ntheo, kunichumbia kwa ajili ya mwanawe, Kitheka. Kitheka si mtu mbaya. Simtaki tu. Na unajua nyama ya ntheo ikishaliwa, mimi ni mke wa watu. Tafadhali ongea na Baba. Wewe ni dada yake mkubwa.

Binti yako,
Kathini

Sultan Hamud, 15 Agosti 2024

Kathini mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Pole kwa kitabu. Nilikichagua kwa unene, nikijua utakaa nacho siku nyingi.

Mbona unagombana na mtu wa hadithi? Alikunywa kwa sababu watu wote walikuwa wamesimama wakimtazama. Hata mimi nilikula nyama ya ntheo yangu hivyo hivyo.

Nilimpigia baba yako. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama nimeokoka. Ndugu yangu Mwau akishaamua, ameamua. Kitheka ana lori lake, hutalala njaa. Vumilia, mama. Maliza kitabu.

Shangazi yako,
Muthoki

Nuu, 29 Septemba 2024

Shangazi,

Natumaini u mzima. Huku sijui niseme nini.

Walikuja jana. Nilipewa nyama mbele ya wazee wote, nikasema, "Sili." Nilisema kwa Kikamba, nikarudia kwa Kiswahili ili pasta mgeni naye aelewe. Baba akachukua sahani yangu, akasema, "Mtoto ana haya," akaila ile nyama yeye mwenyewe. Wakacheka, wakapiga makofi, pasta akaomba. Basi nimeolewa, Shangazi. Nimeolewa kwa mdomo wa baba yangu.

Usifikiri nimefungiwa. Mlango uko wazi, lakini niende wapi? Sokoni hata watoto wananiita bibi ya Kitheka. Desemba watanichukua.

Kitabu nimekimaliza. Oreva anashinda, wenzake wanarudi makwao, yeye anabaki hemani na upanga wake, maana hakuna anayejua namna ya kumtoa mtu katika kile kiapo. Mwandishi amemwacha pale. Nililia, halafu nikamchukia huyo mwandishi. Usinitumie kitabu kingine.

Kathini

Nuu, 2 Novemba 2024

Kathini mwanangu,

Hujambo? Usishangae, niko karibu nawe. Nakuandikia nikiwa nimekaa chini langoni kwa Mzee Nyamai.

Watu wa Oreva hawakuwa na namna. Sisi tunayo. Kuna mbuzi wa ulee, mbuzi wa kukataa. Watu wa mume wakimpokea, ndoa imekwisha. Nilimwomba baba yako ampeleke, akakata simu. Nikaja na mbuzi wangu. Wazee wanasema hawajawahi kuona ulee ukiletwa na mwanamke, eti nirudi na Mwau.

Nimewaambia siendi. Nimemfunga mbuzi kwenye nguzo ya lango, nami nimekaa katikati ya njia. Lori la Kitheka haliwezi kutoka mpaka niinuke. Akina mama wa kanisa wamepita wakanisalimia, wengine mara mbili ili waone vizuri. Nyamai ameniletea kiti. Nimekikataa.

Sijui kama watampokea. Jua ni kali na ninaogopa, Kathini, sitakuficha. Nimempa Mumbua wa dukani barua hii akuletee mkononi.

Ukishaisoma, njoo. Usipitie nyuma ya boma. Pita uwanjani, mbele ya baba yako, uje ukae hapa chini pamoja nami.

Shangazi yako,
Muthoki