Daktari Aliuliza Nani Anavuta

Baba, shikamoo.

Ugali na dagaa nimevifunika jikoni. Ule kwanza, ndipo usome.

Asubuhi, ulipokwisha kutoka kwenda kutafuta kibarua Kirumba, Mama aliinua ndoo ya maji akaanguka uani. Nyonga imevunjika. Yuko hospitali na jirani yetu Mama Masele. Mimi nimerudi kuchukua shuka tu.

Daktari alishangaa mfupa kuvunjika kirahisi hivyo. Nikamweleza kuwa tangu avunjike mkono mwaka jana, Mama hakosi mchicha wala uji wa soya. Akasema, "Vizuri, mimea hiyo ina vitu vya kusaidia mifupa. Ila moshi wa sigara hudhoofisha mifupa, hata ya asiyevuta. Nyumbani nani anavuta?"

Mama akawahi kujibu, "Hakuna."

Baba, tangu upunguzwe kazi kiwandani unavuta chumbani, dirisha umefunga, na Mama amelala hapo hapo. Tulikuonea huruma, hatukusema kitu.

~~Usije hospitali.~~ Hapana, nimekata hilo. Njoo saa kumi, wakati wa kuona wagonjwa. Hata akilia kwa maumivu anauliza kama umekula.

Sufuria la uji usilimwage, nitampelekea.

Daktari hakumwamini. Amesema atapita tena jioni aulize upya, na ninamjua Mama, atakuficha tena. Usimwache aseme uongo kitandani pale. Jibu wewe.

Binti yako,
Kabula